Godot kwa mtu wa Dodoma mwenye laptopu ya mtumba na bando la kuungaunga: mapitio yangu

Mbukwenyi wadau. Leo sio simu wala saloni, leo naipitia Godot, ile enjini ya bure ya kutengenezea magemu, sababu hapa steshenari Ng'ong'ona haipiti wiki sijaulizwa na mwanafunzi wa UDOM "dada, nataka niwe natengeneza gemu zangu mwenyewe, nianzie wapi?" na majibu wanayoyakuta huko mitandaoni yameandikwa na watu wenye kompyuta za kuwaka taa za rangi na intaneti isiyoisha, sisi huku tuna laptopu iliyoletwa kwenye kontena, betri ilishakufa zamani, umeme ukikata nayo imekata, na bando ni la wiki. Kwaiyo naipima kwa macho hayo. Naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja niliyoibana nitaisema huko mbele.

Kwa asiyeijua, Godot imeanzia Argentina kwa jamaa wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, mwaka 2014 wakaifungua kwa umma, iko kwenye leseni ya MIT, yani gemu ukilitengeneza ni lako lote, hakuna atakayekuja kukudai asilimia hata ukiuza mpaka ukajenga ghorofa Iyumbu. Unreal, enjini nyingine kubwa, wao wanataka asilimia 5 gemu likishavuka mapato ya dola milioni 1, tatizo ambalo natamani tuwe nalo. Unity, enjini nyingine maarufu, nao bure ipo kwa wenye kipato kidogo, ila Septemba 2023 walitangaza ada ya kutozwa kila gemu linapoinstoliwa, watengenezaji wakaja juu dunia nzima, wakalegeza, bosi wao John Riccitiello akaondoka Oktoba hiyohiyo, na Septemba 2024 ile ada wakaifuta kabisa. Imefutwa sawa, ila watu walishashtuka, na ndo kipindi ambacho wengi walihamia Godot. Hata Re-Logic, wale wenye gemu la Terraria, waliitolea Godot mchango wa dola laki 1 kipindi hicho. Mi sio shabiki wa kugombania enjini kama Simba na Yanga, ila ukiwa unaanza unataka kitu ambacho kesho hakibadilishi masharti ukiwa umeshalala nacho miaka.

Sasa tuje kwenye kuipata, maana wengi wanafia hapo kabla hata ya kuanza. Unashusha zipu ambayo haifiki MB 100, unaifungua, ndani kuna faili, unabonyeza mara mbili, enjini imewaka. Hakuna kuinstoli, hakuna kufungua akaunti, hakuna kuwashiwa mtandao ili ikuhakiki wewe ni nani. Mi ninayo kwenye flashi natembea nayo. Ukiangalia Unity unaanza na Unity Hub, akaunti, alafu enjini yenyewe majibi kadhaa, ukitaka kutoa gemu la Android unaongeza moduli nyingine nazo majibi, yani mtu wa bando la kuungaunga hela ya mboga imeisha na hajaona hata kiboksi kinatembea kwenye skrini.

Upande wa mashine nisikilizeni vizuri wanaotaka kununua laptopu used hapo mjini. Godot 4 ukifungua projekti mpya inakuuliza unataka ichore kwa njia gani, kuna Forward+, Mobile na Compatibility. Chagua Compatibility bila kujiuliza, hiyo inatumia OpenGL 3.3 (njia ambayo programu inaongea na kadi ya picha) na kwa gemu la 2D hutaona umekosa chochote cha maana. Ila sasa sio kila laptopu yenye stika ya i5 ina OpenGL 3.3. Muuzaji atakwambia "hii Core i5 dada, chuma hii", we angalia namba inayofuata baada ya i5. Ikiwa i5-2520M hiyo ni kizazi cha pili, kadi yake ya ndani kwenye Windows inaishia OpenGL 3.1 na Godot 4 utahangaika nayo. Ikiwa i5-3320M hiyo ni kizazi cha tatu, inatembea. Kwenye meza zinakaa pamoja, zinafanana mpaka rangi, na bei zao wala hazipishani kivile. Kama tayari una ya kizazi cha pili usiitupe, chukua Godot 3 uwashe GLES2, njia yake ya kuchora ya zamani na nyepesi, inakubali mashine za zamani na misingi utajifunza ileile. RAM ya GB 4 inatosha kwa 2D mradi umefunga Chrome, Chrome na Godot kwenye GB 4 hawakai nyumba moja.

Na kitu ambacho sioni watu wakikisifia, maelezo yake rasmi yote unaweza kuyashusha mara moja, kuna ePub na kuna HTML kwenye zipu, unasoma bila mtandao. Ndani ya enjini yenyewe ukibonyeza F1 inakuja sehemu ya kutafuta maana ya kila kitu, nayo haihitaji bando. Yani unaweza kwenda nayo Kondoa likizo, kijijini ambako mtandao unaupata juu ya kichuguu, na ukaendelea kujifunza. Hii peke yake kwangu ni nyota mbili.

Projekti zenyewe ni faili za maandishi, kwaiyo hata ukiwa na mwenzako mnasaidiana mnaweza kutumiana zipu WhatsApp na isiwe mzigo. Ukibonyeza F5 kuchezesha gemu inasevu kwanza, ila usiizoee hiyo, Ctrl+S kila baada ya sentensi maana umeme wa huku hauagi.

Wasio na laptopu kabisa, ipo Godot ya Android Play Store, enjini kamili sio kiini macho. Kwenye simu ya inchi 6 ni mateso, vitufe vidogo unabonyeza hiki kinaitika kile, ila kwenye tableti ukiwa na kibodi ya Bluetooth mtu anafanya kazi. Kwa simu nasema tumia kusomea na kurekebisha vitu vidogo tu.

Haya, kujifunza kwenyewe.

Godot kila kitu ni nodi. Picha ni nodi, sauti ni nodi, umbo la kugongana ni nodi, saa ya kuhesabu ni nodi, unazipanga moja chini ya nyingine zinakuwa sini, na sini moja unaweza kuipachika ndani ya nyingine. Mchezaji ni sini, adui ni sini, uwanja ni sini unaowabeba wote. Lugha yake inaitwa GDScript, aliyegusa Python hata kidogo ataona anasoma kitu anachokijua. Kuna toleo la lugha ya C# pia ila anayeanza achana nalo, kwanza Godot 4 ya C# haitoi gemu la kuchezwa kwenye brauza, na brauza ndo njia yako rahisi ya kuwapa watu gemu wacheze.

Somo lao la kwanza kwenye yale maelezo rasmi ni gemu la kukwepa maadui, Dodge the Creeps, unafuata hatua kwa hatua mpaka linakamilika, picha na sauti wanakupa. Ni zuri sana, lifanye lote. Ila tatizo ninaloliona kwa vijana hapa ni kwamba wakilimaliza wanakimbilia somo lingine la YouTube, alafu lingine, alafu wananunua kozi ya kulipia, mwaka umeisha wana vyeti vya kumaliza kozi na hawana gemu hata moja ambalo mdogo wao anaweza kulicheza. Ramani nyingi za mitandaoni zinalea ugonjwa huo, zinakupangia jifunze C++ kwanza, kisha hesabu za vekta, kisha 3D, kisha shaders (programu ndogo za kupaka mwanga na rangi), kisha ndo ufikirie gemu. Mtu wa namna hiyo anaajiriwa kwenye studio kubwa, sawa, ila anayetaka kutengeneza gemu lake peke yake anachohitaji zaidi ni uzoefu wa kumaliza. Na huo hausomwi.

Kwaiyo ushauri wangu, na ndo sababu hasa ya kuandika yote haya, baada ya Dodge the Creeps chukua mchezo wa mtaani ambao sheria zake unazijua toka utoto. Usibuni. Kubuni mchezo mpya na kujifunza enjini kwa wakati mmoja ni mizigo miwili. Chukua rede.

Rede mnaijua, warushaji wawili huku na huku, wa kati anakwepa mpira na wakati huohuo ana chupa anaijaza mchanga, sheria za mwishoni zinatofautiana mtaa na mtaa. Sasa liangalie lile kama mtengenezaji. Mpira ni nodi ya Area2D, eneo linalohisi likiguswa, yenye spidi. Wa kati ni CharacterBody2D, nodi ya mhusika anayesogea. Mpira ukimgusa inatoka signali, yani taarifa kwamba kitu kimetokea, unaisikiliza kwenye uwanja, mchezo umeisha au maisha yamepungua. Warushaji wana Timer, ikigonga wanarusha kuelekea alipo wa kati. Chupa ni namba inayopanda kutoka 0 hadi 100 ukishikilia kitufe. Na hapo ndo utamu ulipo, ukiwa unajaza mchanga unakuwa umesimama, ukisimama unapigwa, ukikimbia tu hujazi. Huo mvutano ndo gemu lenyewe, vitabu vizima vya ubunifu wa magemu vinazungukia hapohapo, na wasichana wa Chang'ombe wanaujua bila kusoma. Utakaa unachezea namba, mpira uende spidi gani, chupa ijae kwa sekunde ngapi, mpaka mtu akishika kibodi hataki kuiachia. Kazi ya kurekebisha namba ndo inakomaza mtu kuliko kozi.

Kwenye hilohilo rede utakutana na delta, ambayo wengi wanaikariri bila kuielewa. Godot inaita fanksheni yako ya _process, kile kipande cha programu ulichoandika, kila inapochora fremu, na inakupa delta, muda uliopita toka fremu iliyotangulia. Laptopu ya rafiki yako inachora fremu 60 kwa sekunde, yako ikizidiwa inachora 25. Ukiandika mpira usogee pikseli 5 kila fremu, kwake utakuwa risasi na kwako konokono. Ukizidisha spidi kwa delta wote wanaona mpira unaenda sawa. Mashine mbovu zina faida, mtu wa Ulaya mwenye kompyuta kali anaweza kukaa mwaka mzima hajaona umuhimu wa hicho kitu, we utakiona siku ya kwanza.

Baada ya rede nenda kombolela, hapo unajifunza anayetafuta anaonaje, unatumia RayCast2D, unarusha mstari kutoka kwa mtafutaji hadi kwa aliyejificha, ukigonga ukuta kwanza basi hajamuona. Alafu kabla ya kwenda kwenye kitu kikubwa, tengeneza bao. Sio kwa sababu litauza, ni kwa sababu halina kukimbia wala kugongana, ni mantiki tupu. Mashimo 32, safu nne za manane, kete 64, awamu ya namua kisha mtaji, kula na kutakata, na nyumba ina sheria zake. Ukiweza kuandika sheria za bao zikakubalika na wazee wanaolicheza kila jioni, wewe suala la safu, lupu na masharti umelimaliza, na wazee hao ni wakaguzi wa bure wasio na huruma, ukikosea kete moja wanakwambia hilo sio bao hilo ni takataka. Kompyuta icheze kama mpinzani iache kwa baadae, au iache kabisa, ikicheza kwa kubahatisha inatosha kwa kuanza.

Kuhusu kuchora na sauti, tusidanganyane, hapa ndo watu wanakata tamaa. Godot haikuchorei. Kuna tovuti ya Kenney, mtengenezaji wa Uholanzi, ana maelfu ya picha na sauti kwa leseni ya CC0, yani tumia hata kwenye gemu la kuuza, huna haja ya kumtaja. Anza na hizo. Ukitaka kuchora mwenyewe kuna Pixelorama, ya bure, na yenyewe imetengenezwa kwa Godot. Sauti za kuruka na kugongwa zinatoka kwenye jsfxr, unabonyeza tu mpaka ipatikane unayoipenda. Ila sauti za kweli rekodi kwa simu usafishe kwa Audacity, kelele za Sabasaba, honi ya bodaboda, upepo wa huku kwetu ule wa mwezi wa nane unaopiga mabati, hakuna maktaba ya Ulaya itakayokuwa navyo.

Sasa ile nyota niliyoibana. Ina sababu mbili na nusu.

Ya kwanza ni matoleo. Godot 4 ilitoka Machi 2023 na ilibadilisha vitu vingi sana, na YouTube bado imejaa video za Godot 3 ambazo hazijaandikwa popote kuwa ni za zamani. Unafuata mwalimu anakwambia weka KinematicBody2D, unaitafuta haipo, kumbe siku hizi ni CharacterBody2D. Anaandika yield, siku hizi ni await. Anaandika export var, siku hizi ni @export var. move_and_slide yenyewe zamani uliipa spidi kwenye mabano, sasa hivi inasoma velocity ya nodi. Mtu ambaye ndo anaanza hawezi kujua kama amekosea yeye au video imezeeka, na bando ameshalichoma. Kwaiyo kabla ya kuangalia video yoyote angalia tarehe, kabla ya Machi 2023 pita kushoto. Brackeys, yule aliyefundisha watu wengi Unity kisha akaacha 2020, alirudi 2024 na somo la Godot 4 kwa wanaoanza, hilo linafaa, lishushe kwa kiwango cha 480 linasomeka vizuri tu.

Ya pili ni siku ya kutoa gemu. Ile furaha ya zipu ndogo inaisha hapo. Ili utoe gemu lako liwe faili la Windows au APK unatakiwa ushushe template za kutolea, kifurushi kizima kinacheza kwenye jibi moja, na lazima kiwe cha toleo lilelile la enjini yako, ukiapdeti enjini unashusha upya. Kwa Android unaongeza OpenJDK na SDK ya Android, zana za kutengenezea programu za simu, hizo nazo zina uzito wake na kuziunganisha kuna maneno. Ushauri, chagua toleo moja ukae nalo mpaka gemu liishe, usifukuzie kila toleo jipya. Na gemu lenyewe hata liwe dogo linabeba enjini ndani, la brauza linakuwa na makumi ya MB kabla ya kubanwa, kwaiyo usimtumie mtu linki ukitegemea atalifungua kwa bando la jero.

Hiyo nusu ni Kiingereza. Maelezo yote mazuri ni Kiingereza na hakuna namna. Sio kosa la Godot peke yake ila mdogo wa sekondari atapata shida, wa hivyo mi namuanzishia Scratch, unaburuta vipande vya rangi unavipanga, nayo inakubali kukaa kwenye mashine bila mtandao.

Kuna wanaoniuliza vipi ile kozi ya bure ya Harvard ya magemu, CS50, inayofundishwa na Colton Ogden. Ni nzuri aisee, inaanza na Pong inaenda Flappy Bird inaenda Mario, kwa lugha ya Lua na enjini ya LÖVE, na usidharau LÖVE, gemu la karata la Balatro lililotoka Februari 2024 na kuuza nakala zaidi ya milioni ndani ya mwezi wa kwanza limetengenezwa humo na mtu mmoja. Ila mihadhara yake ni mirefu, kila mmoja unakwenda kwenye masaa mawili, na inakutaka uwe umeshajua kuprogramu kidogo. Mwanafunzi wa CIVE, wale wa kompyuta wa UDOM hapo juu, anaimudu, anayetoka fani nyingine aifanye baada ya rede na sio kabla.

Mashindano. Kukiwa na ratiba hakuna longolongo, kwaiyo ingia Global Game Jam ya Januari au Ludum Dare au ile ya GMTK, chaneli ya YouTube ya mambo ya magemu, unapewa mada na siku chache, unatoa kitu. Unaweza kuwa umekaa Nkuhungu na jirani zako wakadhani unasomea mtihani. Usitafute ushindi, tafuta kuliona gemu lako kwenye orodha na mtu wa nchi nyingine akakuandikia kwamba vitufe vyako havieleweki.

Hela sasa, najua ndo mmesubiri. Gemu la kwanza mpaka la tano weka itch.io, tovuti ya kuwekea magemu, bure, na ukiuza unachagua mwenyewe asilimia ya kuwaachia, kawaida imewekwa 10 ila unaweza kushusha mpaka sifuri. Play Store unalipa dola 25 mara moja, elfu sitini na ushee, na akaunti mpya ya mtu binafsi lazima ipate wajaribuji 12 wakae na gemu siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kuliachia kwa wote. Hii watu wanailalamikia, mi naona kwa mazingira yetu ni nyepesi, hosteli moja tu ya hapo chuo inakupa 12 kabla ya chai, kazi ni kuwakumbusha wasilifute. Steam, duka kubwa la magemu ya kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, wanakurudishia likiingiza dola 1,000, na wanachukua asilimia 30 ya mauzo. Hiyo ya Steam usiiwaze mwaka wa kwanza. Na kabla ya kuuza popote hakikisha umeshajua hela itakufikiaje mkononi, sio gemu limeuza ndo unaanza kuuliza.

Watu wanapenda kunitolea mfano wa gemu la Stardew Valley, Eric Barone alifanya peke yake akawa milionea. Kweli, ila soma habari yote, alikaa miaka minne na nusu, huku akifanya kazi ya kupokea watu kwenye ukumbi wa maonyesho Seattle jioni na mchumba wake akibeba gharama nyingine. Hapa kwetu ukiwaambia nyumbani unaacha kutafuta ajira miaka minne unatengeneza gemu watakuita kikao cha ukoo. Fanya jioni, fanya wikiendi, kazi yako iendelee. Afrika wapo walioweza pia, Kiro'o Games wa Kameruni walitoa gemu la Aurion mwaka 2016, na Nyamakop wa Afrika Kusini walitoa Semblance 2018 ikafika mpaka Nintendo Switch, ila hizo ni timu.

Nani asitumie Godot? Kama lengo lako ni kuajiriwa studio ya nje, angalia matangazo yao ya kazi, Unity na Unreal ndo zimejaa. Kama hutaki kuandika hata mstari mmoja wa programu, jaribu GDevelop, unapanga matukio tu, nayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kama ndoto yako ni gemu la 3D la mji mzima na magari, Godot inaweza kiasi chake ila laptopu yako haiwezi, na wewe peke yako pia huwezi, tuambiane ukweli. Kwa mengine yote, gemu la 2D, mtu mmoja, mashine ya mtumba, sioni cha kuishinda. Gemu za Brotato na Dome Keeper zimetengenezwa humohumo na zimeuza duniani.

Nyingine ndogo, usichoke kuonyesha gemu lako kwa watu wasiojua magemu. Mpe mama lishe simu, kaa kimya, usimuelekeze, angalia anabonyeza wapi kwanza. Akikuuliza "sasa hapa nafanyaje mwanangu?" hapo ndo pa kurekebisha leo usiku.

Aliye Dodoma apite steshenari na flashi ya kuanzia GB 8, nina Godot ya Windows, template zake za toleo hilohilo, yale maelezo ya ePub na picha za Kenney, nakunakilia bure, utalipia tu kama unaprinti. Ila flashi uiskani kwanza huko ulikotoka, za hapo chuo zinakuja na virusi vya tangu enzi za Windows XP.